Nani Kapewa Dawa ya Kweli

Benchi lenyewe ni la mbao, limeegemea ukuta wa duka langu pale ngazi za mlima wa kisiwa cha Yeongdo zinapokata kona kabla ya kupanda tena, na kila anayepanda mlima hukaa hapo apumue, atake asitake. Pembeni ipo mashine ya kahawa, ile ya vikombe vya karatasi, kahawa na maziwa na sukari vyote vimeshachanganywa. Mashine ni yangu, umbea ni wa wote. Wenye benchi ni wanne. Kuna Winchi, yaani Pyo Gil-nam, aliyeendesha winchi la karakana ya meli mpaka akastaafu. Kuna Kapteni, yaani Eom Dal-su, ambaye hajawahi kuwa nahodha hata wa mtumbwi. Alikuwa mpishi kwenye meli za kuvua jodari. Dada Chu Bok-sun tunamwita Nyundo, maana ujana wake wote alining'inia ubavuni mwa meli akigonga kutu, na masikio yake yalibaki hukohuko. Wa nne ni Tak Sang-ho, Dalali, mdogo wao, aliyepangisha nusu ya nyumba za mlima huu na mpaka leo anaongea kama mtu mwenye chumba kimoja kilichobaki. Wote wanne wana magoti mabovu. Mlima huu haumwachii mtu magoti.

Mwaka ule, maua yalipoanza kufunguka, hospitali kubwa ng'ambo ya daraja ilitangaza kwamba inatafuta wazee wa kufanyia majaribio dawa mpya ya magoti. Walikwenda wote. Nyundo alikataliwa kwa sababu ya figo, Dalali kwa sababu ya kisukari. Winchi na Kapteni wakapokelewa, wakarudi na vidonge vyao mfukoni, wakakaa kwenye benchi kama maharusi.

— Nusu yetu tutapewa dawa yenyewe, Winchi alieleza. Nusu nyingine wanapewa kidonge kitupu, unga tu, kinafanana na kile kwa kila kitu. Nani ana kipi, hajui mtu. Hata nesi hajui. Kila wiki atapiga simu kutuuliza kichwa, tumbo, usingizi, kifua.

— Ngoja kaka, Dalali akasema. Umpe mtu unga halafu umpigie simu kumuuliza unga umemdhuru wapi?

— Ndivyo wanavyopima. Mtu wa umri wetu kichwa kinamuuma hata asipokunywa kitu. Wanahesabu walioumwa upande wa dawa, wanahesabu walioumwa upande wa unga. Ile ziada ya upande wa dawa, hiyo ndiyo madhara yake.

— Wewe umelielewa vizuri, Kapteni akasema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mwizi kwa wepesi wa mikono.

Hawa wawili wamezaliwa mwaka mmoja, uchochoro mmoja. Kapteni alikuwa akienda baharini anakaa miaka, na mwanawe alijifunza kuendesha baiskeli akishikiliwa na Winchi. Mpaka leo, kijana akija kwa sikukuu ya mavuno, anapandisha ngazi na kapu la mapeasi na mlango wa kwanza kubisha ni wa Winchi, kwa kuwa ndio ulio chini. Kwa kuwa uko chini tu, kijana husema. Kapteni hajawahi kuliamini hilo.

Siku moja asubuhi Winchi aliinuka kuchukua kahawa akashika ukuta.

— Vipi tena? Dalali akauliza.

— Kizunguzungu kidogo. Tangu juzi.

Nyundo, ambaye kwa kawaida hasikii mpaka urudie, safari hii alisikia mara moja.

— Basi wewe umepata ya kweli.

— Tusikimbilie huko, dada.

— Unga utamzungusha mtu kichwa? Mimi nimekula unga maisha yangu yote, sijaanguka.

Tangu siku hiyo Winchi akawa mtu mwingine. Dalali alimpisha upande wa kivuli. Watu wasiokuwa na shida ya kahawa walisimama kumuuliza kizunguzungu kinaendeleaje, kama wanavyouliza habari za mjukuu. Kapteni alikaa palepale na kikombe chake, mzima wa afya, hakuna anayemuuliza lolote.

— Wamechaguaje, hilo ndilo swali, akasema siku moja.

— Kompyuta, Winchi akajibu. Kama kurusha sarafu.

— Ni kundi la damu, Dalali akasema. Watu wa kundi O ni wavumilivu, lazima wao ndio wapewe dawa.

— Mimi na yeye wote ni B, Kapteni akasema.

— Basi ni mwaka wa kuzaliwa, kaka. Kila mwaka una mnyama wake.

— Tumezaliwa mwaka mmoja, wewe. Hujui?

— Mimi nitawaambia, Nyundo akasema kwa sauti iliyofika hadi bandarini. Wanaangalia nani ana watoto wakali. Mwenye watoto wakali anapewa unga, asije akafa wakaenda mahakamani.

— Binti wa Winchi ni mkali kuliko wote mlimani, nikasema mimi.

— Basi wameogopa kumnyima, mama Se-jin. Unaona sasa.

Dalali akaja na habari kwamba dawa ya kweli, ukiitia majini, inaelea. Aliambiwa na mtu. Kapteni hakusubiri hata sentensi iishe. Alinunua chupa ya maji dukani kwangu, akamimina kwenye vikombe viwili, akatia kidonge chake kimoja, akamlazimisha Winchi atie chake. Tuliinama wote kutazama. Vyote vikazama.

— Chake kimezama taratibu zaidi, Nyundo akasema.

Kapteni akayanywa yale maji yake na kidonge ndani.

Simu za nesi zilikuja asubuhi. Anaitwa nesi Bang. Tulimjua kwa sauti tu, maana masikio ya wazee yale hayaamini simu mpaka iwekwe spika, hivyo mambo ya tumbo la Winchi tuliyajua mtaa mzima.

— Baba Eom, wiki hii umejisikiaje? sauti ikauliza.

Kapteni alimtazama Winchi.

— Kizunguzungu, akasema.

— Kidogo, cha wastani au kikali?

— Kikali.

Nilimwona akikaa vizuri zaidi kwenye benchi. Wiki iliyofuata ulimi wake ulikuwa na ladha ya sarafu. Iliyofuata, alikuwa akiota yuko jikoni melini, na jodari mzima juu ya meza anamwuliza kwa nini hakuandika barua nyumbani. Masikio yakaanza kulia. Nesi alisikiliza yote, akauliza ilianza lini, inadumu muda gani, hasa ni upande upi. Kapteni alijibu bila kusita. Zile simu zake zikawa ndefu kuliko za Winchi, na alipozikata alitutazama mmoja mmoja.

— Kapteni, nikamwambia nilipobaki naye peke yangu, hayo maneno unayatoa wapi?

— Mama Se-jin, wewe uza kahawa.

— Yule msichana anayachukua kweli yale.

— Na ayachukue. Ina maana mimi sina haki ya kuugua?

Aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa Nyundo. Magoti yake ndiyo mabaya kupita ya wote. Ngazi anazipanda ubavu, kama kaa, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, na nyumba yake iko juu kabisa.

— Ningepewa mimi kile kidonge, alisema, hata kingening'oa meno ningenyamaza. Ninyi mnalalamika kwa kushindana.

Halafu likatokea jambo lililomuumiza Kapteni kuliko kizunguzungu. Winchi akaacha kupumzika kwenye benchi. Asubuhi moja alipanda kutoka sokoni na mfuko wa dagaa wa chumvi, akatusalimia, akapita. Akapita moja kwa moja. Tuligeuza shingo kumtazama akipanda ngazi za juu mguu mmoja baada ya mwingine kama watu, na alipofika kona ya juu akatupungia mkono.

— Amepona, Dalali akasema taratibu.

— Anajionyesha, Kapteni akasema.

Hakumaliza kahawa yake.

Ikaendelea hivyo hadi msimu wa mvua. Ngazi zikawa zinatiririka, wenye benchi wakahamia chini ya turubai langu, na Winchi akarudi kukaa nasi. Alisema ni kwa sababu ya mvua. Lakini siku isiyo na mvua pia alikaa, na alipokaa alikuwa akipumua kwa mdomo. Viatu alikuwa amevikanyaga visigino. Nesi alipopiga, alimwambia: sina kitu, mwanangu, niko salama, hata kile kizunguzungu kimekwisha.

Nyundo ndiye aliyeona.

— Wewe, vua soksi.

— Ya nini, dada?

— Vua.

Winchi akavua. Soksi ilikuwa imechora mtaro kuzunguka mguu, na juu ya mtaro nyama ilikuwa imejaa, inang'aa. Nyundo akabonyeza kwa kidole. Shimo la kidole likabaki palepale.

— Chumvi hiyo, Winchi akasema. Dagaa.

— Tangu lini?

— Si siku nyingi. Sikilizeni. Msimwambie yule binti. Nikisema wananitoa, na nikitolewa magoti yanarudi. Mmeona ninavyopanda. Nani hapa hataki kupanda hivyo?



— Nenda hospitali, nikamwambia. Usiende kwa nesi kama hutaki, nenda kwa daktari yeyote.

— Baada ya sikukuu, mama Se-jin.

— Kaka, huenda ndiyo nguvu ya dawa, Dalali akasema. Inasukuma maji kushuka chini, magoti yanalainika.

Hata yeye mwenyewe hakuonekana kuiamini. Nilisema tena, Winchi akavuta soksi juu, na hapo simu ya Kapteni ikalia. Ilikuwa siku yake.

— Baba Eom, habari za wiki hii?

Kapteni alikuwa ameishika simu mbele ya mdomo kama kawaida yake. Aliiangalia ile miguu.

— Mimi leo sina kitu, akasema. Muulize Pyo kuhusu miguu yake. Imevimba kama magunia ya mchele, na pumzi anaitafuta. Anakudanganya wiki kadhaa sasa.

Nawaeleza nilichokiona usoni mwake. Haikuwa huruma. Kapteni alisema maneno yale kwa raha, kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambacho mwenzake amejificha.

— Yuko hapo? Nipe niongee naye, baba. Nipe sasa hivi.

Winchi hakuipokea simu. Alimtazama Kapteni tu.

— Umeninyang'anya magoti yangu, akasema.

Binti yake, Yun-ok, alifika kabla ya saa sita, na gari la wagonjwa likasimama chini kabisa barabara inapoishia. Walimshusha kwenye kiti, vijana wawili na Dalali nyuma akielekeza njia ambayo kila mtu anaijua. Nyundo alishuka nyuma yao kwa ubavu, ngazi moja moja, mpaka wakampotea. Kapteni alibaki kwenye benchi. Nilimletea kahawa, akaishika hadi ikapoa.

Siku zile benchi lilikuwa baya. Kapteni alikuja kila siku na hakuna aliyezungumza naye, naye hakujitetea. Nesi alipopiga alisema hana neno, akakata.

Winchi alirudi mapeasi yakiwa yamejaa sokoni. Alikuwa amekonda, suruali inamcheza kiunoni, na Yun-ok alimshika mkono ngazi zote. Walipofika kwenye benchi akakaa, na miguu ilikuwa miguu tena, mikavu.

— Ni moyo, Yun-ok akatuambia. Ulikuwa unachoka taratibu, kile kizunguzungu kilikuwa ndio mwanzo. Daktari amesema angekaa hivyo mpaka sikukuu, tungeisherehekea bila yeye.

— Dawa ile imemharibia moyo, Nyundo akasema.

Yun-ok akamtazama baba yake, kama anayeomba ruhusa. Winchi akatikisa kichwa kukubali.

— Ilibidi wafungue siri yake ili wajue wamtibu vipi. Alikuwa kwenye unga. Tangu siku ya kwanza alikuwa anakunywa unga.



— Haiwezekani, Dalali akasema. Kaka, tulikuona ukipanda.

— Na mimi nilijiona, Winchi akasema. Sikuwa naigiza. Magoti yalikuwa hayaumi. Waliponiambia pale kitandani, jioni yake yakaanza kuuma.

Alicheka kidogo, kicheko cha kuona aibu. Kisha akageuka kwa Kapteni. Nilikuwa nimeuzoea wivu kwenye benchi lile, lakini siku zote ulitoka upande mmoja. Sasa niliuona ukitoka upande wa pili.

— Basi wewe ndiye mwenye dawa, Winchi akasema.

— Nani kasema? Wanarusha sarafu kwa kila mtu peke yake. Wewe kupata unga hakunipi mimi dawa.

— Unayo wewe. Ladha ya sarafu, masikio, ndoto. Zote zile. Mimi nilikuwa na unga na moyo mbovu.

Kapteni alinyoosha mgongo. Sijui kama alijua kwamba ameunyoosha.

— Na ile simu, Winchi akaendelea. Usidhani sijui. Hukutaka kuniponya. Ulitaka nitolewe.

— Nilitaka utolewe, Kapteni akasema. Ni kweli.

— Sikushukuru.

— Usinishukuru.

Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kila mmoja anatazama bahari yake. Nikaweka kahawa mbele yao bila kuulizwa.

Ndipo akatokea msichana kwenye ngazi, amevaa koti jepesi, uso umemwiva kwa kupanda. Alisimama mbele ya benchi akashika kiuno akipumua, kisha akainama kusalimia.

— Samahani, wazee wangu. Natafuta kwa baba Eom Dal-su.

Tuliijua sauti kabla ya kuijua sura. Dalali alisimama kumpisha. Nesi Bang hakukaa.

— Baba Pyo, nafurahi kukuona umeamka. Akainama tena kidogo. Baba Eom, hupokei simu zangu vizuri, nimeona nije. Nina jambo moja. Mambo uliyonieleza ni mengi, na mengi umesema ni makali. Katika wazee wote tulio nao hakuna aliyesema hata nusu ya hayo. Madaktari wanayaangalia. Kama ni ya kweli, lazima watu waonywe kabla ya kuinywa dawa hii, au pengine isitolewe kabisa. Kama si ya kweli, nataka kujua pia. Sikugombezi.

— Si useme tu mnanipa nini, dawa au unga, Kapteni akasema. Kila kitu kitaeleweka.

— Sijui, baba. Kweli sijui. Na hata ningejua, ningekuuliza hivihivi. Yapi uliyapata kweli?

Kapteni akajikuna kidevu.

— Kizunguzungu nilikitunga, akasema.

Dalali akavuta pumzi kwa nguvu.

— Ndoto je?

— Ile ndoto nilikuwa naiota hata kabla ya dawa.

— Ladha ya sarafu?

— Niliitunga. Halafu... Halafu siku moja nikaamka nayo. Mpaka leo inakuja. Masikio vilevile. Niliyasema, baadaye nikayasikia. Kwa hiyo hapo sijui niseme ni ya kweli au si ya kweli.

— Sema kweli, Dal-su, Nyundo akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotushtua. Mimi nimekataliwa majaribio, lakini dawa ikipita nitainunua. Mimi ndiye nitakayeimeza. Nataka kujua itanifanya nini.

— Dada, ningejua ningekwambia.

— Usiniletee dada. Fikiri.

Kapteni alifikiri kweli. Alifumba macho, akawa anapapasa ulimi ndani ya mdomo, na sisi tukawa tunamtazama mdomo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Nesi Bang aliona anavyohangaika, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa.

— Basi tuyaache hayo kwanza, baba, akasema. Tuanze na jepesi. Goti lenyewe, tangu uanze vidonge, linauma kama zamani au limepungua?

Tulitazamana. Miezi yote ile, kwenye benchi lile, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kapteni aliweka kiganja juu ya goti lake. Akageuza kichwa taratibu, akayatazama magoti ya Winchi, kama vile jibu liko huko.